Shemeji Hakutaka Kuandikwa

Mwaka jana, mvua zilipoanza kukata, nilishindwa kabisa kukaa kitako. Chai naiacha kwenye kikombe, nasimama kwenda kuiangalia mashine. Naiangalia, narudi, nakuta inzi kaingia kwenye chai, namgombeza inzi. Majirani zangu hapa Makanyagio wakaanza kuniuliza kama presha imepanda. Presha sina. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nilitaka shemeji yangu aandikwe kwenye mfuko wa fidia ya wafanyakazi kabla mpunga mpya haujaanza kuingia mjini, na shemeji alikuwa hataki.

Huyu shemeji si ndugu wa damu wa mume wangu. Alikuwa rafiki yake. Amezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi; wazazi wake walikimbia Burundi na watoto mgongoni, wakalima hapo hadi wakazeeka. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa Karema kama mimi, na mambo ya mashine hakuyajua hata kidogo. Shemeji ndiye aliyemwambia achana na dagaa, Mpanda watu wanakula wali. Wakaenda wote Sumbawanga kuchukua mashine ya kukoboa, na njia nzima ya kurudi shemeji alikaa juu ya lori ameikumbatia, maana alisema kamba za wale wapakiaji hazimpi imani. Mume wangu alipofariki, Mungu amrehemu, ndugu zake walikuja kuniuliza mashine itauzwa lini. Shemeji alikuja kuniuliza mkanda mpya utanunuliwa lini. Nikampa yeye funguo, na tangu siku hiyo tuko pamoja.

Sasa, kwetu huku ukiwa na mashine ya kukoboa, mtu anayeiendesha humlipi mshahara kama wa ofisini. Kuna kitu kidogo unampa jioni, kulingana na magunia yaliyopita, halafu pumba zote ni zake. Ndiyo desturi, hakuna anayeihoji. Mchele ni wa mteja, chenga mnaelewana, pumba ni za fundi. Na pumba si kitu cha kuchezea, watu wa kuku na ng'ombe wanazigombania. Shemeji hauzi zote. Nyingine anazibeba kwa baiskeli kwenda kulisha nguruwe wake, na mimi Mwislamu ninayewalisha hao nguruwe nimekuwa kichekesho cha mtaa. "Shemeji, kitimoto chako hakijambo," ananiambia asubuhi, na mimi namjibu siku nikiulizwa huko mbele ya haki nitamtaja yeye kwa jina, aje ajieleze mwenyewe.

Kilichoninyima raha ni mkanda. Mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha mashine, na ukilegea unaanza kutembea pembeni ya puli, gurudumu lake, unapiga kelele kama mtu anayepiga makofi peke yake. Hapo inatakiwa uzime. Lakini mafundi wa huku wenye kuzima ni wa kutafuta. Ukizima katikati, mpunga unakwama tumboni mwa mashine, kuutoa ni shughuli, na kuwasha upya mota inafyonza umeme mpaka mita inalia. Kwa hiyo fundi anaweka kiganja ubavuni mwa mkanda unaokimbia, anausukuma taratibu mpaka urudi mahali pake. Shemeji alikuwa anafanya hivyo huku anaongea na wateja, haangalii hata. Kila akinyoosha mkono, mimi nageukia ukuta.

Na sikuwa naogopa hewa. Mdogo wangu wa kike ameolewa Kasekese, na njia ya kwenda kwake inapita mbele ya nyumba ya bwana mmoja aliyekuwa fundi wa mashine kama shemeji. Mkanda ulimchukua mkono. Tajiri wake hakuwa mtu mbaya, jamani. Alimpeleka hospitali, alimletea mbuzi, alikuwa anakuja kumwona. Kisha akawa anakuja mara mojamoja, kisha akawa anatuma salamu, halafu mashine ikauzwa na salamu nazo zikakata. Bwana yule anakaa mlangoni, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, na mke wake ndiye anayelima. Ukipita anakusalimia vizuri tu. Mimi nilikuwa nafika kwa mdogo wangu sina hamu ya kula.

Basi ndipo tukaitwa semina, sisi wenye biashara ndogondogo, kwenye ukumbi mmoja kule Majengo. Nilikwenda shingo upande, nikijua ni mambo ya kodi. Kumbe ni fidia. Aliyezungumza alikuwa dada mmoja mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili wake, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kila mwenye mfanyakazi, hata awe mmoja, sheria inamtaka ajisajili kwenye mfuko na kumchangia. Ukumbi ulitulia tuli, kwa sababu kila mtu alijua yeye hahusiki. Mwenye karakana ya vitanda akanyoosha mkono. "Dada, mimi sina wafanyakazi. Nina vijana." Mama wa mgahawa akasema yeye ana wadogo zake. Mwenye bajaji akasema ya kwake anaiendesha mpwa wake. Na mimi sikujizuia, nikasimama: "Mimi nina shemeji."

Watu wakacheka. Yule dada hakucheka. "Anakuja kazini kila siku?" akaniuliza.

"Kila siku, tena ananitangulia."

"Nani anamwambia fungua, nani anamwambia funga?"

"Mimi."

"Unamlipa?"

"Namlipa kidogo. Na pumba."

Ukumbi ukacheka tena. "Huyo ni mfanyakazi wako, mama," akasema, "mwite unavyomwita. Na hao vijana, na wadogo, na wapwa, siku wakikatika kidole wakiwa kazini kwenu, mtawaambia nini? Mtawaambia nyie ni vijana tu?" Mwenye karakana akawa anaangalia dari.

Wenzangu walipokimbilia soda, mimi nilimng'ang'ania yule dada mpaka akavuta kiti. Alinieleza kwa lugha ya kawaida. Mchango anautoa mwenye biashara, ni sehemu ndogo tu ya mshahara, na ni marufuku kumkata mfanyakazi hata senti. Mtu akiumia kazini, au akiugua ugonjwa uliotokana na kazi, unatoa taarifa mapema, usikae nayo. Mfuko unaangalia matibabu, unamlipa kwa kipindi asichoweza kufanya kazi, na akibaki na ulemavu hawamwachi hivihivi. Akifa, wanaomtegemea wanaangaliwa. Usajili unafanyika hata kwenye simu. Kinachotakiwa ni mkataba, mshahara unaojulikana, na namba ya kitambulisho chake cha taifa. Nilikuwa namsikiliza huku namwona yule bwana wa Kasekese na pini yake.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi nashika mashine hiyohiyo. Vumbi tunalila wote."

Akataka kujua kama nina kampuni inayonilipa mshahara. Nikamwambia kampuni iko wapi, leseni ina jina langu tu. "Basi wewe mama ni mwajiri," akasema. "Mfuko huu ni wa mfanyakazi. Wewe mwenyewe utafute bima nyingine." Nikasema haya, sawa, kwani mimi nasukuma mkanda? Nikaondoka mbiombio. Njiani niliona bodaboda haikimbii, nikamwambia dereva aongeze moto, akageuka kuniuliza kama kuna msiba.

Nilimkuta shemeji amekaa juu ya gunia, anapaka mkanda lami ili ushike puli. Nikamwaga yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ni mfanyakazi wako?"

"Serikali ndiyo inasema hivyo."

"Na wewe ni tajiri wangu."

Huku kwetu tajiri ni yule anayekupa kazi, hata kama naye anaomba chumvi kwa jirani. Mafundi wa mashine nyingine wote wanaita hivyo wenye mashine. Shemeji hajawahi kuniita tajiri hata siku moja, na mimi sijawahi kutaka. "Oya," akasema. Akianza kukataa kwa Kirundi ujue mjadala umefungwa. Akarudi kwenye lami yake.

Basi siku zikaanza kwenda. Mpunga ulikuwa unageuka rangi mabondeni na mimi nageuka kichaa. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikanuna. Kununa kwangu hakukudumu, maana siwezi kunyamaza. Mwishowe nikamfuata nyumbani kwake Jumapili, baada ya kanisa, wakati hana mahali pa kukimbilia.

Mke wake ni mama mpole anayecheka kwa mabega. Aliniwekea kiti upande ambao upepo hauleti harufu ya banda la nguruwe, heshima aliyonifanyia miaka yote bila kuitaja. Nikamweleza mbele ya mumewe kila kitu nilichosikia Majengo. Aliuliza swali moja tu: "Huyu akikatika mkono, mimi na watoto tutakula?" Nikamwambia ndicho kilichonileta. Akamgeukia mumewe. "Sasa tatizo ni nini, baba?"

Shemeji alichokonoa udongo kwa kijiti. Aliposema, hakuniangalia. "Baba alituambia, ukiona mtu anakuja na karatasi anataka majina, wewe nenda shambani." Kule walikotoka, akasema, watu waliitwa majina kutoka kwenye karatasi, na walioitwa hawakurudi. Na hapa nako waliandikwa, wakaambiwa watakuwa raia, wakafurahi, kisha ikasemekana watahamishwa, wakaacha kupanda migomba, wakakaa juu ya mizigo, kisha ikasemekana hawahami tena. "Mimi kila nikiandikwa, shemeji, maisha yanasimama. Niache niende hivihivi."

Mimi nimeandikwa shuleni, kliniki, kwenye vikoba, msikitini, wala sikumbuki ni mara ngapi, na hakuna aliyewahi kuja kuniita kwa ubaya. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, vyote kwa wakati mmoja.

"Na pumba?" akaongeza, sauti imebadilika. "Ukianza kunilipa mshahara, pumba si zinakuwa zako? Nguruwe wangu nitawalisha mkataba?"

"Shemeji, mimi pumba nitampa nani? Nina nguruwe mimi?"

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango. Shemeji hakucheka. Nikanywa soda niliyopewa kwa mafundo mawili makubwa, nikaaga, nikaondoka vilevile nilivyokuja.

Mpunga wa kwanza ulipoingia, foleni ilifika barabarani. Magunia, baiskeli, bajaji, akina mama na watoto mgongoni. Mashine ikaunguruma tangu asubuhi, vumbi likatupaka wote mvi, na mkanda ukaanza kupiga makofi. Shemeji akanyoosha kiganja. Siku hiyo mkono wa shati lake ulikuwa umefunguka kifungo, kitambaa kinaning'inia, upepo wa mkanda unakivuta. Kinapepea, kinasogea, kinapepea tena. Sijui nilifikaje kwenye swichi. Ninachokumbuka ni kimya. Mashine imezima, mpunga wa mama mmoja wa Majengo umekwama ndani, na mimi nimeegemeza mgongo kwenye swichi nimetanua mikono.

"Hakikobolewi kitu hapa," nikasema, "mpaka huyu baba akubali kuandikwa."

Weee! Kelele zilizotoka pale si za kusimulia. Mmoja alisema nimechanganyikiwa, mwingine aliuliza kuandikwa wapi, jeshini? Nikawaeleza kwa kupayuka, sauti inakatika, machozi na vumbi vinafanya tope usoni. Nikawaeleza na habari ya yule bwana wa Kasekese, na wengine walikuwa wanamjua. Hapo kelele zikageuka zikamwendea yeye. "Andikwa, bwana, watoto wanataka wali!" "Mwenzio anakulilia, wewe unaringa?" Yule mama mwenye mpunga uliokwama akamsogelea kabisa, mikono kiunoni. "Mimi nimefunga duka kuja hapa. Ungekuwa mume wangu ningekuandika mwenyewe, mgongoni, kwa mkaa!"

Shemeji alikuwa anautazama mkono wa shati lake. Akaukunja mpaka juu ya kiwiko. Kisha akanitazama mimi na tope langu. "Unalia kwa sababu ya mkanda," akasema.

"Nalia kwa sababu yako, mjinga wewe!"

Watu wakageuza shingo. Hata mimi nilishtuka, maana mtu mzima humwiti mjinga mbele ya wateja wake. Akajikuna shingo, akasema haya, ataandikwa, ila ana masharti. Pumba zibaki zake, na hilo liwe kwenye mkataba. Nakala moja akae nayo yeye. Na asiitwe kibarua, aitwe fundi mkuu.

"Mkuu wa nani, na uko peke yako?"

"Mkuu wa pumba," akajibu, na foleni nzima ikaangua kicheko, hata mama wa duka lililofungwa.

Na mimi nikatoa sharti langu: kuanzia saa hiyo hakuna anayegusa mkanda mashine ikiwa inazunguka. Umeme utakaoliwa ni juu yangu. Nikachukua mkaa nikaandika ukutani, herufi kubwa, ZIMA KWANZA. Tukatoa mpunga uliokwama, kiganja kwa kiganja, yeye na mimi na yule mama.

Kitambulisho chake alikuwa anakihifadhi ndani ya Biblia, kimefungwa kwenye nailoni. Alikuja nacho kesho yake, akasimama nyuma yangu ninapobonyeza namba kwenye simu, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Mahali fulani mtandao ulikata nikaanza upya, akataka kuondoka, nikamshika shati. Ujumbe ulipoingia kwamba taarifa zimepokelewa, aliinama akauangalia, kisha akaniuliza, "Imeisha?"

"Imeisha."

"Hakuna anayekuja?"

"Hakuna anayekuja, shemeji."

Akaenda akawasha mashine. Mimi usiku huo nililala mpaka adhana ya alfajiri ikanipita, jambo ambalo halijanitokea tangu niolewe. Nikatubu na kucheka.

Mtu atasema basi hapo nilitulia. Thubutu! Miguu yangu haijui kutulia. Sasa ikawa nahangaikia foleni, nahangaikia umeme, maana ile sheria yangu ya kuzima kwanza ilikuwa inakula umeme kweli, na wateja wengine walianza kwenda mashine za jirani ambako hakuna anayezima. Shemeji aliifuata bila kukosa. Mkanda ukipiga makofi anazima, anaurudisha, anawasha, akinipita ananiambia, "Mfanyakazi wako huyo, mtiifu." Alikuwa ameligeuza lile neno kuwa utani, na mimi nilifurahi mpaka sikumjibu.

Jumamosi moja ya msimu huohuo, nguruwe wake mkubwa akawa anazaa. Akaniomba ruhusa ya asubuhi tu, atarudi. Nikamwambia nenda, nenda kapokee wajukuu, mashine naijua. Na kweli naijua. Foleni haikuwa kubwa. Kulikuwa na baba mmoja aliyetoka mbali, bajaji yake inamsubiri barabarani, dereva anapiga honi kila anapojisikia. Mpunga wake ulibaki kidogo kabisa ndani ya mashine, hata debe haujazi. Mkanda ukaanza kupiga makofi.

Nilitazama ukutani nikasoma maandishi yangu mwenyewe. Honi ikalia. Nikasema kitu chenyewe kidogo, mara hii moja, na nikaweka kiganja ubavuni mwa mkanda, taratibu, kama nilivyomwona shemeji akifanya miaka yote. Ulianza kurudi vizuri. Kisha chuma kinachounganisha ncha mbili za mkanda kikapita, kikanasa pete yangu, pete ya mume wangu, ambayo sijaivua tangu anivishe.

Sikusikia maumivu. Nilisikia watu wanapiga kelele, na mtu akazima mashine, na kile kimya tena. Baba wa bajaji ndiye aliyenikalisha chini. Mkono wa kushoto niliufunga kwenye mtandio, sikuutazama. Mtu alikuwa ameshakimbia kwa shemeji, maana kabla hatujaingia kwenye bajaji alifika, hana viatu, shati limelowa maji ya uzazi wa nguruwe, analia waziwazi. Akapanda pembeni yangu. Akaushika ule mkono akauinua, akaubana kifuani kwake usishuke, njia nzima mpaka hospitali. Harufu ya banda ilinijaa puani, na mimi nilikuwa namwambia usiuachie, shemeji, usiuachie.

Mapokezi kulikuwa na dada mwenye fomu na kalamu. Wakati muuguzi ananifungua mtandio, yeye akauliza nimeumia wapi. Shemeji akajibu haraka kabla yangu. "Kazini. Kwenye mashine." Alijibu kifua mbele, nikamwona. Alikuwa amejifunza.

"Mwajiri wake nani? Amesajiliwa kwenye mfuko wa fidia? Tukijua hilo taarifa inaanzia hapa."

"Tumesajiliwa," akasema shemeji.

"Mimi ndiye mwajiri," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Mimi simo. Mwenye mashine haandikwi."

Nilimwona shemeji anageuka kunitazama. Kumbe siku zote hizo alidhani tumeandikwa wote wawili, kwamba ndiyo maana nilikuwa na haraka namna ile, kwamba nilikuwa napigania mkono wangu na wake.

"Humo?" akaniuliza.

"Simo."

"Uliniandika mimi peke yangu?"

Muuguzi alikuwa amefika kwenye vidole na safari hii maumivu yalikuja yote. Nilipofumbua macho shemeji alikuwa ameweka mikono miwili juu ya meza ya yule dada, mikono yenye damu yangu na matope ya banda.

"Andika mwajiri wake ni mimi," alikuwa anamwambia. "Mimi ndiye tajiri wake. Andika."

"Shemeji, acha uongo," nikasema.

"Andika, dada. Jina langu nitakupa."

Yule dada alimtazama yeye, akanitazama mimi, akateremsha kalamu. Hakuwa na ukali. "Baba, hapo siwezi kuandika uongo," akasema. "Lakini huku chini kuna nafasi ya ndugu wa karibu wa mgonjwa. Hapa bado hapana mtu."

Shemeji akavuta pumzi. Akataja jina lake, polepole, herufi mojamoja, ili asikosee. Kisha akataja la baba yake, yule wa kukimbilia shambani. Kisha la babu yake, ambalo mimi sikuwahi kulisikia miaka yote hiyo. Akangoja kalamu isimame, akamwomba yule dada ayasome yote tena kwa sauti.